Kupata krediti za chuo Marekani kwa mtihani wa CLEP: hatua kwa hatua

Kila muhula ukikaribia, maswali huwa ni yale yale. Eti ni kweli mtu anafanya mtihani wa saa moja na nusu halafu kozi nzima inafutika, yaani halazimiki tena kuisoma darasani? Kifaransa nilichosomea Bukavu kitanisaidia? Nikifeli, wastani wangu utashuka? Kwa kuwa majibu ni marefu kuliko ujumbe wa simu, nimeyaandika yote hapa. Mwongozo huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani, waliokwisha kuanza chuo au wanaotaka kuanza, na hasa wale wanaolipa karo kwa mshahara wa zamu za usiku.

Kwa kifupi: ndiyo, inawezekana; ndiyo, Kifaransa kinasaidia sana; na hapana, mtihani uliofeli hauugusi wastani wa alama zako. Lakini wengi huanzia mwisho. Wanalipia mtihani, wanasoma, wanafaulu, kisha ndipo wanakiuliza chuo. Anza na chuo.

Kuhusu mtihani wenyewe

CLEP (College-Level Examination Program) ni mitihani ya College Board, shirika lile lile linalosimamia SAT na AP, mitihani ya wanafunzi wa sekondari. Ukifaulu, chuo hukupa krediti, yaani pointi za masomo zinazohesabiwa kufikia shahada. Ilianza mwaka 1967 na sasa iko 34. Mingi ni ya dakika 90, hufanywa kwenye kompyuta, na maswali yake karibu yote ni ya kuchagua jibu. Alama huanzia 20 hadi 80. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, linapendekeza 50 iwe alama ya kupewa krediti, ila hilo ni pendekezo tu. Vyuo zaidi ya 2,900 vinakubali CLEP, kila kimoja kwa masharti yake.

Mitihani mingi huleta krediti 3. Mingine, kama Biology na College Composition, hupendekezwa krediti 6. Shahada ya miaka minne kwa kawaida ni krediti 120, na ile ya miaka miwili ni 60, kwa hiyo hata mitihani mitatu tu inaweza kukuondolea karibu muhula mmoja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha serikali ambacho muda wake haujaisha, chenye picha na sahihi: pasipoti, leseni ya udereva, au kitambulisho cha jimbo.
- Orodha ya kozi zote zinazotakiwa kwenye shahada yako. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo uipakue, au mwombe mshauri wa masomo.
- Barua pepe unayoifungua kila siku, iliyo yako mwenyewe. Usitumie ya mtoto wala ya jirani.
- Kompyuta na intaneti ya kusomea. Maktaba ya umma inavyo vyote viwili, bure.
- Wiki kadhaa za kusoma. Kwa somo unalolijua tayari, mwezi mmoja unaweza kutosha. Kwa somo jipya, jipe miezi miwili au zaidi.
- Fedha kidogo. Mwaka 2025 ada ya mtihani haikufika dola 100, lakini hupanda mara kwa mara, na kituo cha mtihani hutoza ada yake pembeni. Hatua ya 4 inaeleza namna ya kuikwepa ile ada kubwa.

Hatua ya 1: Soma masharti ya chuo chako

Andika jina la chuo chako pamoja na neno CLEP kwenye mtambo wa kutafuta. Vyuo vingi vina jedwali: jina la mtihani, alama inayotakiwa, kozi inayofutwa, na idadi ya krediti. Ndani yake tafuta mambo manne.

Kwanza, alama. Vingi hudai 50, vingine zaidi. Pili, kozi inayofutwa. Ukiona jedwali linasema kozi ya kuchagua tu (elective), yaani isiyochukua nafasi ya kozi ya lazima, jua krediti zitaingia lakini huenda zisikusogeze popote. Tatu, kikomo: vyuo huweka idadi ya juu ya krediti za mitihani, na vingi hutaka krediti zisizopungua 30 zitoke darasani kwao. Nne, wakati: vingine vinakataa CLEP ukishaandikishwa kwenye kozi hiyohiyo, au ukiwa kwenye krediti za mwisho kabla ya kuhitimu.

Hifadhi nakala ya ukurasa huo yenye tarehe. Kisha mwandikie mshauri wako barua pepe, umtajie mtihani kwa jina kamili na umuulize mambo mawili tu: unafuta kozi gani kwenye shahada yangu, na natakiwa nipate alama ngapi? Jibu la mdomo ofisini halitoshi. Washauri wanabadilika, na anayekuja baada ya mwaka hatajua uliambiwa nini.

Hatua ya 2: Weka alama kwenye orodha ya shahada yako

Chukua ile orodha na kalamu. Zungushia kila kozi ambayo jedwali la chuo linasema inaweza kufutwa na CLEP, na ambayo bado hujaisoma. Zilizobaki achana nazo hata kama mtihani wake ni mwepesi.

Tahadhari kwa wanaolenga uuguzi, na najua ni wengi, maana dada na kaka zetu wengi wameanzia kazi ya kuhudumia wazee. Programu nyingi za uuguzi hutaka masomo ya sayansi yawe na alama ya darasani, na CLEP haina alama ya A wala B. Anatomia na fiziolojia havina mtihani wa CLEP kabisa. Saikolojia na makuzi ya binadamu ndiyo masomo ambayo baadhi ya programu huyakubali kwa CLEP. Uliza programu ya uuguzi yenyewe, si ofisi ya udahili peke yake, kwa kuwa chuo kinaweza kukubali kitu ambacho programu inakikataa.

Hatua ya 3: Chagua mtihani wa kwanza

Ukisoma Lubumbashi, Goma, Bukavu au Bujumbura, shule yako ilikuwa ya Kifaransa. Basi mtihani wako wa kwanza ni French Language. ACE inapendekeza krediti 6 kwa alama 50, na krediti 9 kwa alama 59. Hakuna kuandika insha wala kuzungumza: ni kusikiliza na kusoma. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu waliofundishwa kwa Kifaransa miaka kumi na miwili wakilipia kozi ya Kifaransa ya kuanzia, wakikaa darasani kujifunza kusalimia. Kama umekaa miaka bila kukisikia, sikiliza taarifa za RFI, redio ya Ufaransa, kila siku kwa wiki chache na usome magazeti, hasa uangalie vitenzi na viunganishi, maana hapo ndipo maswali ya kusoma hujificha.

Ila kuna mtego. Vyuo vingine havitoi krediti za lugha kwa mtu aliyesoma sekondari kwa lugha hiyo. Liulize hili wazi kwenye barua pepe ya hatua ya 1.

Kwa Kiswahili, CLEP hakuna. Ipo njia nyingine: mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, unafanyika kwa Kiswahili, na ACE ina mapendekezo ya krediti kwa mitihani ya ACTFL. Vyuo vingine vina mtihani wao wenyewe wa kupima lugha. Kama shahada yako inadai lugha ya kigeni, nenda idara ya lugha uulize unavyoweza kuthibitisha Kiswahili chako kabla hujajiandikisha Kihispania.

Waliosoma hisabati vizuri Tanzania, Kenya au Uganda waanze na College Algebra. Mengi yaliyomo yako kwenye silabasi ya sekondari. Na kama ulimaliza kidato cha sita, uliza pia kama chuo kinatoa krediti kwa matokeo yako, maana baadhi hutoa, na kwa krediti hizo hutahitaji kufanya mtihani wowote.

Introductory Sociology, Introductory Psychology, Principles of Management na Principles of Marketing ni mitihani ya istilahi. Ukikariri maneno na maana zake, na ukajua nani alisema nini, umefika mbali. Ni mizuri kwa mtu anayeanza.

Usianze na College Composition ikiwa Kiingereza ni lugha yako ya tatu. Ina insha mbili zinazoandikwa kwa muda mfupi. Usianze pia na Analyzing and Interpreting Literature. Watu huidhani ni rahisi kwa kuwa haihitaji kitabu maalum, lakini unapewa mashairi na nathari ya karne zilizopita usome haraka. Historia ya Marekani nayo ina mihula miwili, yaani mitihani miwili tofauti, na maandalizi ya mtihani wa uraia hayatoshi hata kwa robo yake.

Hatua ya 4: Tafuta vocha kabla ya kulipa

Modern States ni shirika lisilo la faida linalotoa kozi za bure mtandaoni, zilizopangwa kufuata mitihani ya CLEP. Ukimaliza kozi na mazoezi yake, unaomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Soma masharti yake siku unayoanza, maana hubadilika, na fanya mazoezi kwa makini kwa sababu matokeo yake huangaliwa kabla ya kupewa vocha.

Tahadhari: usilipe kwanza ukitarajia kurudishiwa. Subiri vocha ifike kwenye barua pepe, ndipo ujisajili. Angalia pia folda ya barua taka.

Aliye jeshini anaweza kulipiwa na mpango wa DANTES, na aliyemaliza utumishi aulize ofisi ya masuala ya maveterani. Hao hawana haja ya vocha.

Hatua ya 5: Soma kwa kufuata mgawanyo wa mtihani

Kila mtihani una ukurasa rasmi unaoonyesha mada na asilimia ya kila mada. Uchapishe. Mada yenye asilimia 30 ipe siku nyingi, yenye asilimia 5 isikuibie wiki. Kwa vitabu, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inatoa vitabu kamili vya saikolojia, sosholojia, aljebra na uchumi, bure kabisa. Maktaba nyingi zina pia kitabu rasmi cha mazoezi cha CLEP.

Wanaotoka shule za Kifaransa wanajikwaa mahali ambapo hakuna anayewaonya: alama za hisabati. Kwetu desimali ni mkato, hapa ni nukta, na mkato hutenganisha maelfu. Nafasi wazi kati ya 2 na 5 (namba zote za katikati bila 2 na 5 zenyewe) uliyozoea kuiandika ]2, 5[ hapa huandikwa (2, 5). Tanjenti uliyoijua kama tg hapa ni tan. Maswali mengine yana inchi, futi na Farenhaiti. Mtu anayejua hesabu hupoteza alama bila kujua kosa lake liko wapi. Tumia siku mbili tatu kuzoea alama hizi peke yake.

Kwa masomo ya istilahi, andika kadi: neno la Kiingereza upande mmoja, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili au Kifaransa pamoja na mfano mmoja wa maisha yako. Ukielewa kwa lugha yako, Kiingereza kitakaa.

Mwisho, fanya jaribio kamili kwa dakika 90 bila kusimama, simu ikiwa chumba kingine. Ukipata majibu sahihi theluthi mbili au zaidi kwenye majaribio mawili tofauti, panga tarehe. Usiendelee kuahirisha.

Hatua ya 6: Jisajili, kisha weka miadi

Haya ni mambo mawili, na wengi hufanya moja tu.

Fungua akaunti kwenye tovuti ya CLEP. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wetu wanapata tabu: jina la baba limewekwa mahali pa jina la ukoo, majina matatu yamefanywa mawili, au karatasi za ukimbizi zimeandika FNU (kifupi cha "jina la kwanza halijulikani") mahali pa jina la kwanza. Fuata kitambulisho utakachokibeba siku hiyo, hata kama kimekosewa. Kurekebisha kitambulisho ni kazi nyingine, ya siku nyingine.

Chagua mtihani, weka namba ya vocha au lipa, na uchague chuo kitakachopelekewa matokeo. Kupeleka wakati huu ni bure; ukiagiza baadaye utalipa. Utapata tiketi ya kusajiliwa, nayo inadumu miezi 6.

Tiketi si miadi. Sasa wasiliana na kituo cha mtihani, mara nyingi ni chuo cha jamii kilicho karibu nawe, upange siku na saa na uulize ada yao. Si lazima kiwe chuo unachosoma.

Inawezekana pia kufanyia nyumbani ukisimamiwa kwa kamera, kwa ada ya ziada. Masharti ni makali: chumba chenye mlango uliofungwa, asiingie mtu yeyote, kisisikike chochote. Kama mnaishi sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, nenda kituoni. Mtoto akifungua mlango, mtihani unaweza kufutwa.

Hatua ya 7: Siku ya mtihani

Fika nusu saa kabla. Beba kitambulisho na tiketi. Simu na saa za mkononi za kisasa haziingii chumbani. Kikokotoo chako nacho acha nyumbani: mitihani inayoruhusu kikokotoo inakiweka kwenye skrini, na ni vizuri uwe umejizoeza nacho.

Jibu maswali yote. Jibu la makosa halikukati alama, kwa hiyo kuacha wazi ni kujinyima. Swali gumu liwekee alama, endelea mbele, urudi mwishoni. Zikibaki dakika tano na bado kuna nafasi wazi, jaza zote.

Kwa mitihani mingi alama zako zinaonekana papo hapo. Yenye insha hungoja wiki kadhaa.

Hatua ya 8: Fuatilia hadi krediti zionekane

Matokeo yakifika, ofisi ya msajili ndiyo inayoyaingiza. Baada ya wiki tatu nne fungua rekodi zako uone kama krediti zipo, na kama zimewekwa kwenye kozi uliyoahidiwa. Kama bado, andika barua pepe ukiambatisha nakala ya matokeo, ule ukurasa uliohifadhi, na jibu la mshauri. Barua yenye vitu hivyo vitatu hujibiwa haraka.

Kabla hujapunguza kozi za darasani

Krediti za CLEP hazihesabiwi kama masomo unayosoma muhula huu. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anayesoma shahada ya kwanza kwa kawaida lazima awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula, na CLEP haijazi pengo hilo. Ukibaki na 9 darasani ukidhani 3 za mtihani zinatimiza, umevunja masharti ya viza. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuacha kozi yoyote.

Vivyo hivyo kwa anayepokea Pell, msaada wa karo wa serikali ya Marekani: kiasi cha fedha kinategemea krediti unazosoma darasani, na msaada huo haulipii mtihani. Panga mitihani likizoni, ili muhula ukianza uchukue kozi nyingine badala ya ile iliyofutwa.

Kwa wazazi: mtoto aliye sekondari ana njia ya AP, kozi ya mwaka inayoishia kwa mtihani wa mwezi Mei wenye alama 1 hadi 5. Vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3, vyenye ushindani hudai 4 au 5. Mwulizeni mshauri wa shule mapema, kwa sababu watoto wetu mara nyingi hawaitwi kwenye madarasa hayo mpaka mzazi aombe.

Ukikwama

Umepata 47. Unaruhusiwa kurudia mtihani huohuo baada ya miezi 3. Ukiufanya kabla ya hapo, matokeo yanafutwa na ada haurudishiwi. Tumia muda huo kwenye mada zenye asilimia kubwa, au fanya mtihani mwingine katikati. Kungoja kunahusu mtihani uleule tu.

Kituo kimekukatalia kwa sababu ya jina. Usibishane mlangoni. Piga simu huduma ya wateja ya CLEP siku hiyohiyo urekebishe usajili, kisha omba miadi mpya.

Mshauri anasema hawapokei CLEP, na ukurasa wa chuo unasema wanapokea. Mtumie kiungo cha ukurasa kwa upole, na nakala kwa ofisi ya msajili. Msajili ndiye mwenye neno la mwisho.

Krediti zimeingia kama kozi ya kuchagua tu. Omba mapitio kwa mkuu wa idara husika, ukiambatisha mgawanyo rasmi wa mada za mtihani pamoja na muhtasari wa kozi ya chuo, uonyeshe zinavyolingana.

Mtihani unaoutaka haupo kwenye CLEP. Angalia DSST, mitihani mingine ya namna hii, ambayo alama ya kufaulu inayopendekezwa ni 400. Inakubaliwa na vyuo vichache kuliko CLEP, kwa hiyo rudi hatua ya 1.

Unahamia chuo kingine. Krediti zilizo kwenye rekodi za chuo cha kwanza hazihami zenyewe. Chuo kipya kitataka matokeo moja kwa moja kutoka College Board na kitayapima kwa jedwali lake. Agiza nakala kupitia akaunti yako na ulipe ada yake. Matokeo ya CLEP huhifadhiwa miaka 20, hivyo hata aliyeacha shule akaenda kulea watoto bado anaweza kuyadai.